Siku Nne za Theluji

Miaka kumi na moja nafundisha jiografia,
kidato cha pili, darasa linaloelekea jua,
na kila mwaka naichora Himalaya ubaoni
kwa ubavu wa chaki, si kwa ncha,
ili vilele vifanye weupe.
"Mwalimu, theluji ikoje?"
Napuliza vumbi la chaki kiganjani.
Ndivyo nilivyokuwa nikijibu, na mshahara nikipokea.

Mwaka huu nimeona haya.

Kazija wa hisabati ndiye aliyeshika kalamu.
Nyuma ya kalenda ya duka la dawa tukaandika:
siku tisa, mwisho wa Disemba.
Mbili za kwenda, ndege tatu, kisha basi kutoka Dehradun,
moja ya kukaa kitako, mwili ujue ulipo,
mbili za kurudi.
Akapiga mstari chini. Zimebaki nne.
"Fedha zote hizi kwa siku nne?"
Nikamuuliza harusi ya mdogo wake ilikuwa ya siku ngapi.
Akacheka, akaongeza safu ya viatu.

Kilele tulichokichagua ni mita elfu tatu na mia nane.
Masingini, kilima chetu kirefu kupita vyote,
ukipange mara thelathini na mbili, kimoja juu ya mwenziwe,
ndipo tufike.
"Thelathini na moja nukta tisa," anasahihisha Kazija.

Basi tunapanda Michenzani.
Kila alfajiri, jengo analokaa shangazi yake,
ngazi mia na nne mpaka juu, mara kumi na mbili,
mgongoni mchele kilo nane.
Watoto wa ghorofa ya tatu wameshatuzoea.
Mama yao ametuuliza mchele tunauza bei gani.

Mama yangu hataki kusikia.
Yeye kipupwe kikivuma Julai hujifunga shuka mbili
na kulilaumu dirisha.
"Wee Biubwa, watu huikimbia baridi, wewe unailipia nauli?"
Lakini jana nimekuta ndani ya mkoba wangu
tangawizi kavu, mdalasini, pilipili manga,
vimefungwa kwa fundo lake,
fundo lisilofunguka bila meno.

Nilimwendea Maalim Shaame na suala la udhu:
maji yakiganda, na ardhi yote imefunikwa,
nitatayamamu kwa kitu gani?
Alinyamaza. Alifungua kitabu, akakifunga.
"Iyeyusheni kwanza. Mengine mtanipigia simu."
Nikamwambia huko juu hakuna mtandao.
Akakifungua kitabu tena.

Koti nimelipata Darajani, mitumba,
la buluu, mfukoni lina tiketi ya treni
ya nchi nisiyoijua lugha yake.
Linafaa? Nani ajue, katika joto hili?
Tukaenda Malindi kwa Ngwali, kwenye chumba cha barafu.
Alitufungulia mlango mzito kama anayetuhurumia.
Dakika ishirini, tumesimama baina ya nguru na masanduku ya pweza,
pumzi zikitutoka kama moshi wa chetezo,
Kazija akiisoma saa kwa sauti.
Dakika ya kumi na tatu vidole vilinitoroka.
Dakika ya kumi na sita niliona, pembeni mwa bomba,
barafu nyepesi imeota kama manyoya ya kifaranga.
Nikaigusa.
Haikufanana na chaki hata kidogo.

(Andika: glavu. Nzito zaidi ya hizi.)

Nje, mchana ulitupiga usoni kama mvuke wa sufuria.
Ngwali akakomea mlango, akajifuta mikono.
"Mkirudi mniambie," akasema.
"Ikiwa baridi ya huko ni hii hii,
wenzenu waleteni kwangu.
Mie sitozi nauli."